Gavana Turnbull: Kenya alikuwa mkali, Tanganyika akawa msikivu, Aden akaondolewa. Huyu mtu alikuwa nani hasa?

Kitabu_Wazi:

Habari zenu wakuu, na kwa wazee shikamooni. Kuna jambo linanisumbua wiki ya pili sasa naomba mnisaidie. Babu yangu mzaa mama alikuwa karani bomani miaka ile ya mwisho ya mkoloni, na kila tukigusa habari za uhuru lazima amtaje Sir Richard Turnbull, gavana wetu wa mwisho, tena kwa heshima kabisa, anasema Twining, gavana aliyemtangulia, alikuwa mbabe ila Turnbull alikuwa mtu wa kusikiliza na ndo maana tulipata uhuru bila damu kumwagika. Nimekua na picha hiyo kichwani. Sasa majuzi nikaanza kusoma mwenyewe nikakuta kumbe kabla ya kuja kwetu 1958 huyo bwana alikuwa Kenya tangu 1931, na wakati wa Mau Mau alikuwa kwenye serikali ileile iliyokuwa inajaza watu kwenye kambi, na hakuwa mtu mdogo humo, 1954 alikuwa waziri wa usalama wa ndani na ulinzi, halafu kuanzia 1955 akawa katibu mkuu wa serikali ya koloni, yaani namba mbili baada ya gavana. Na alipotoka kwetu akapelekwa Aden kule kusini mwa Yemen, mambo yakamwendea vibaya hadi 1967 akaondolewa.

Sasa naomba kuuliza, inawezekanaje mtu mmoja awe na sura tatu namna hii? Alibadilika, au ni sisi ndo tulimwona upande mmoja tu? Na hivi gavana alikuwa na uwezo kiasi gani wa kuamua mwenyewe, au alikuwa anapokea amri London tu? Siulizi kwa ubishi, babu ana miaka mingi na sitaki kumvunja moyo kwa kitu nisichokijua vizuri.

Mzee_wa_Mafaili:

Marahaba mjukuu. Umeuliza vizuri na umeuliza kwa adabu kwahiyo nitajitahidi kukujibu kwa urefu.

Kwanza uelewe gavana hakuletwa tu akiwa gavana. Ilikuwa kazi ya ngazi. Kijana anatoka chuo kikuu Uingereza, huyu alipita Chuo Kikuu cha London halafu Cambridge, anaajiriwa utawala wa makoloni, anapelekwa wilayani kuwa bwana shauri. Huko anatembea na wapagazi kijiji kwa kijiji, anasimamia kodi, anasikiliza kesi, anaandika ripoti, anajifunza lugha. Akifanya vizuri anakuwa DC mkuu wa wilaya, halafu PC mkuu wa jimbo, halafu anaingia makao makuu. Wachache sana walifika juu. Turnbull alipanda hiyo ngazi miaka 27 yote ndani ya Kenya, na sehemu kubwa aliifanya Northern Frontier, kule kwa Wasomali, Waborana na Warendille, ambako kuanzia 1948 mpaka 1953 alikuwa ndo PC mwenyewe, makao Isiolo. Hata historia ya zile koo za Kisomali aliiandika, alikuwa msomi wa mambo hayo na mtembeaji wa miguu hasa.

Hapo ndo nataka uangalie. Kule kaskazini kulikuwa hakuna vyama wala magazeti wala uchaguzi, kuingia tu ulihitaji kibali. Serikali ilikuwa ni visima, mipaka ya malisho, na neno la mzungu mmoja mwenye askari wachache. Mtu aliyelelewa kikazi hivyo anazoea kuamini kwamba nchi inaendeshwa kwa kuwajua watu na kwa amri. Halafu anatolewa huko anaingizwa Nairobi katikati ya hali ya hatari. Alichokiona pale, na alichoshiriki, ndo kilimfundisha kwamba ukichelewa kuzungumza na watu unakuja kuzungumza nao kwa bunduki, na bunduki ina gharama ambayo London haitaki kulipa mara ya pili.

Alifika Dar Julai 1958. Angalia alichokikuta: kesi ya Mwalimu Nyerere ipo mahakamani kwa sababu ya makala iliyowataja mabwana DC wawili, wakili D.N. Pritt katoka Uingereza kumtetea, watu wamejaa nje. Mwalimu akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au miezi 6 jela. Twining ndo alikuwa ameacha moto huo. Hofu kubwa ilikuwa kwamba Mwalimu atachagua jela, na akichagua jela nchi inalipuka. Faini ikalipwa kwa michango ya watu. Muda mfupi baadae Oktoba mwaka huohuo Turnbull akasimama kwenye Legco, yaani baraza la kutunga sheria, akasema waziwazi kwamba Tanganyika ikijitawala wengi kwenye baraza na kwenye serikali watakuwa Waafrika. Leo unaona ni kitu cha kawaida kabisa, nchi ya watu zaidi ya milioni 8 ambao karibu wote ni Waafrika, utashangaa kwanini ilihitaji kusemwa. Ila Twining miaka yote alikuwa anahubiri habari ya rangi tatu sawasawa, viti 10 Wazungu, 10 Waasia, 10 Waafrika, na chama cha UTP (United Tanganyika Party) kiliundwa 1956 kwa baraka zake kuipinga TANU. Kauli ile moja iliizika UTP. Babu yako aliisikia akiwa kijana ofisini, ndo maana mpaka leo anamheshimu na mimi simlaumu.

Kwa hiyo jibu langu, hakubadilika roho. Alibadilisha hesabu. Mwenyewe aliwaonya wakubwa wake kwamba wakikaza kamba Tanganyika watapata Maji Maji na Mau Mau kwa pamoja. Hilo siyo neno la mtu mpole, ni neno la mtu aliyewahi kuuzima moto na hataki kuurudia.

Mwana_wa_Isiolo:

Salamu kutoka upande huu wa mpaka. Mzee heshima yako, umeeleza vizuri sana hiyo ya NFD (hiyo Northern Frontier), nyanya yangu anakumbuka hizo kipande na vibali. Lakini naomba niseme hii kitu kwa uchungu kidogo kwa sababu nikisoma watu wakisema "aliona, akajifunza" naona kama sisi tulikuwa darasa yake.

Mtu hawezi kuwa waziri wa usalama 1954, mwaka wa Operation Anvil ambapo Nairobi ilizungukwa watu wakachukuliwa kwa maelfu wakapelekwa kambini, halafu akawa namba mbili wa serikali mpaka 1958, halafu tuseme alikuwa tu hapo. Serikali hiyo ilinyonga watu 1,090. Kambi zile za Mwea ambapo walianza kuvunja watu kwa kichapo ndio wakubali kukiri, hiyo ilianza 1957, yeye akiwa bado Nairobi. Kambi ya Hola, ambapo wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa, ni Machi 1959, hapo alikuwa ameshatoka na siwezi mwekea hiyo. Mimi sisemi alishika rungu kwa mkono wake. Nasema alikaa kwa meza ambapo hayo mambo yalipitishwa, na gavana wa Kenya, Baring, hakuwa peke yake kwa hiyo meza.

2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9, na waziri wao akasema bungeni wanajuta. Wengi walikuwa washakufa. Hao wazee hawakuwahi kuona Turnbull msikivu.

Kwa hivyo ndugu Kitabu_Wazi, babu yako hadanganyi. Aliona mtu wa 1958. Sisi tuliona mtu wa 1955. Kama unataka kuandika historia yake weka hizo miaka zote kwa karatasi moja.

Binti_wa_Kitete:

Nimesoma yote na ya ndugu wa Isiolo yamenigusa, poleni sana. Mimi naongeza upande ambao naona unasahaulika kila mara, sifa za uhuru wa amani tunazigawa kwa gavana na kwa Mwalimu basi, wakati kuna watu walikaa Tabora Januari 1958 wakabishana karibu wavunje chama.

Mkoloni aliweka uchaguzi wa kura tatu, mpiga kura lazima achague Mzungu mmoja, Muasia mmoja na Mwafrika mmoja, usipofanya hivyo kura yako imeharibika, na ili uwe mpiga kura kuna masharti ya elimu au kipato au cheo. Ilikuwa ni tusi. Wanachama wengi walitaka kususia kabisa. Mwalimu akawashawishi waingie, ndo tunaita uamuzi wa busara, na waliokataa kama Zuberi Mtemvu wakatoka wakaanzisha chama chao cha Congress. Sasa fikiria wangesusia: UTP ingeokota viti vyote, Turnbull anafika Julai anakuta baraza limejaa watu wa Twining na TANU iko barabarani. Je angetoa ile kauli ya Oktoba? Mimi naona asingetoa. Aliitoa kwa sababu awamu ya kwanza ya uchaguzi Septemba ilishamwonyesha nani ana watu, TANU ilichagua hadi Wazungu na Waasia wa kuwaunga mkono na wakashinda, na Februari 1959 awamu ya pili ikawa hivyohivyo.

Na hata baada ya hapo siyo kwamba alifungua mlango wote. Machi 1959 akatangaza mawaziri 5 tu wa kuchaguliwa kati ya 12, watu walitaka walio wengi. Wakaingia Fundikira, Kahama, Eliufoo, Bryceson na Amir Jamal, Mwalimu mwenyewe akabaki nje ya serikali akiwatuliza wanachama. Hiyo miezi ilikuwa ya hatari jamani, wanachama walishaahidiwa kwamba serikali ikikataa watagoma nchi nzima, na kuwaambia watu subirini wakati wameshasubiri sana siyo kazi ndogo. Kina Bibi Titi walikuwa wanazunguka na malori kuongea na akina mama, hakuna gavana aliyeweza kufanya kazi ile.

Gavana alisikiliza, sawa. Ila kulikuwa na sauti ya kusikilizwa, yenye nidhamu, nchi nzima, kwa Kiswahili kimoja. Hilo Kenya walinyimwa kwa makusudi, maana baada ya chama cha KAU (Kenya African Union) kupigwa marufuku 1953 vyama vya Waafrika viliruhusiwa kwa wilaya tu na siyo nchi nzima.

Kitabu_Wazi:

Asanteni sana, hasa ndugu wa Isiolo, nimeisoma yako mara tatu. Mzee wa Mafaili nina la nyongeza, nimeona sehemu kwamba Waingereza walikuwa wamepanga uhuru wetu uwe 1970, ni kweli? Kama ni kweli nani aliusogeza?

Mzee_wa_Mafaili:

Ni kweli kulikuwa na mawazo hayo. Januari 1959 magavana wa Afrika Mashariki waliitwa Chequers, ile nyumba ya mapumziko ya waziri mkuu wa Uingereza, wakakaa na waziri wa makoloni Lennox-Boyd, na miaka iliyozungumzwa kwa Tanganyika ilikuwa kama 1970, Kenya hata baada ya hapo. Turnbull alikuwepo. Sisi tukapata Desemba 9, 1961, yaani miaka kama 9 kabla.

Nani alisogeza? Swali lako la kwanza uliuliza gavana alikuwa na uwezo gani, hapa ndo pa kuonea. Gavana alikuwa na kalamu. Kila wiki anaandika London, na London wanaamua kwa kusoma alichoandika kwa sababu wao hawapo. Aliporudi kutoka Chequers akaona joto la Februari na Machi, akaandika kwamba ratiba ile haiwezekani, Mwalimu asipopewa kitu cha kuwaonyesha wenzake atazidiwa na wakali zaidi. Askari wenyewe walikuwa wa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni) batalioni 2 kwa nchi kubwa kuliko Uingereza mara kadhaa. Na sisi tulikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, ujumbe wao wa 1954 ulishapendekeza nchi ipewe uhuru ndani ya miaka 20 hadi 25, Mwalimu akaenda New York 1955 kuongea nao mwenyewe.

Halafu Oktoba 1959 Lennox-Boyd akaondoka akaingia Iain Macleod, aliyekuwa anaamini kwamba kwenda haraka kuna hatari ndogo kuliko kwenda polepole. Kuanzia hapo gavana na waziri walikuwa wanavuta kamba upande mmoja. Uchaguzi Agosti 1960, TANU viti 70 kati ya 71. Machi 1961 mkutano wa katiba ukafanyika hapahapa Dar, ukumbi wa Karimjee, Macleod akaja yeye, hatukwenda London kama wengine. Mei 1 madaraka ya ndani. Desemba uhuru, Turnbull akabaki mwaka mmoja kama Gavana Jenerali kwa niaba ya Malkia, hata Kawawa alipochukua uwaziri mkuu Januari 1962 yeye alikuwa bado Ikulu, mpaka jamhuri Desemba 1962.

Uwezo wa gavana ulikuwa huo, kuandika "hali ni hii" na kuaminika. Na aliaminika kwa sababu alitoka Kenya na hakuna wa kumwita mlegevu, hilo pia lisemwe. Ripoti ileile ingeandikwa na gavana asiyewahi kushika usalama wangemwona mwoga.

Mjukuu_wa_Shihr:

Wakuu naona Aden haijaguswa na upande wa baba yangu ni Wahadhrami, watu wetu walikuwa wanapita Aden kwenda na kurudi Mombasa na Unguja kwahiyo habari hizi nimezisikia tangu mdogo.

Turnbull alifika Aden mwanzoni mwa 1965. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Desemba 1963 baada ya bomu la mkono kurushwa uwanja wa ndege, lililomlenga Trevaskis aliyemtangulia. London walimchukua Turnbull wakiamini aliyeituliza Tanganyika ataituliza na Aden. Ila tofauti ilikuwa hii, Tanganyika alikuta mtu mmoja wa kuongea naye. Aden alikuta mji wenye bandari, kiwanda cha mafuta na vyama vya wafanyakazi vinavyosikiliza redio ya Cairo, umefungwa kamba moja na masultani wa bara katika shirikisho ambalo watu wa mjini hawakulitaka, na wanaopigana wenyewe wako makundi mawili, NLF na baadae FLOSY, wanapigana na Mwingereza na wanapigana wao kwa wao.

Septemba 1965 spika wa baraza Sir Arthur Charles akauawa. Waziri kiongozi Makkawi hakulaani mauaji, Turnbull akasimamisha katiba akamwondoa Makkawi akatawala moja kwa moja. Hapo unamuona yule wa Nairobi amerudi. Na pigo kubwa halikutoka kwa wapiganaji, lilitoka London, Februari 1966 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba ikifika 1968 itaondoka na kambi ya jeshi haitabaki. Sasa wewe mtawala unawaambia watu tulieni tuko pamoja, serikali yako imeshasema inaondoka, nani atasimama na wewe? Hata masultani waliokuwa marafiki waliona wameachwa uchi.

Aprili 1967 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulifika ukaondoka baada ya siku chache kwa ugomvi, mwezi uliofuata wakamtoa Turnbull wakampeleka Trevelyan, mwanadiplomasia. Waingereza wakaondoka mwisho wa Novemba 1967 na nchi ikachukuliwa na NLF. Turnbull alistaafu hapo, hakupewa kazi nyingine kubwa, akafariki 1998.

Kwahiyo mimi naungana na dada wa Kitete. Mtu ni yuleyule, uzoefu uleule, ila hakuwa na TANU ya kumuokoa.

Mwana_wa_Isiolo:

Nimependa hiyo ya mwisho. Naongeza moja watu wanasahau, kati ya Dar na Aden alirudi huku. 1963 na 1964 alikuwa mwenyekiti wa Central Land Board, ile bodi ya kununua mashamba ya masetla ili Waafrika wakae. Fikiria, mtu aliyesimamia usalama wakati watu wanapigania ardhi ndiye anarudi kusimamia ardhi hiyo ikiuzwa. Na waliopigana msituni wengi hawakuwa na pesa ya kuanzia.

Kitabu_Wazi:

Nimerudi. Juzi Jumamosi nilikaa na babu nikamsomea mengi ya humu, ya Kenya nilimsomea polepole. Alinyamaza muda mrefu. Nikadhani nimemuudhi.

Halafu akaniambia kitu ambacho hajawahi kusema. Bomani mafaili ya kawaida walikuwa wanayashika wao makarani, ila kuna kabati moja lilikuwa chumbani kwa bwana DC, na ule mwaka wa mwisho ikatoka amri kwamba mafaili fulani hayashikwi na karani Mwafrika hata kuyabeba tu, anakuja mzungu kijana kuyapanga usiku. Anasema waliona ni mambo ya mishahara ya wazungu. Nikamweleza kwamba mwaka huohuo 1961 Macleod aliagiza makoloni yote kwamba karatasi zinazoweza kuiaibisha Uingereza zisikabidhiwe kwa serikali mpya, zichomwe au zisafirishwe, na kwamba nyingi zilifichwa Hanslope Park kule Uingereza mpaka kesi ya wazee wa Mau Mau ikazitoa 2011, na ya Tanganyika yalikuwemo.

Akauliza, "Na huyu Turnbull alijua?" Nikamwambia amri kama hiyo inapitia ofisi ya gavana. Akasema basi nimletee chochote nitakachopata kilichotoka kwenye yale makabati, akisoma macho yanamuuma lakini nitamsomea mimi. Sasa wakuu, kuna mtu humu ameshawahi kuona orodha ya yale ya Tanganyika, au anajua yanaombwaje?

Mzee_wa_Mafaili:

Yapo kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, kundi la FCO 141, yamepangwa nchi kwa nchi na orodha inasomeka bure mtandaoni. Anza na miaka 1958 hadi 1961. Nicheki inbox nitakuonyesha namna ya kutafuta kwa jina la jimbo, mwambie babu namsalimia.